Dola Kumi za Kitabu cha Saba

Delbert Ansley hutanguliza mdomo, kofia ikafuata.
"Dola kumi za nini tena?"
Kidole kinagonga risiti kule chini kabisa,
mstari ambao mtu hausomi mpaka umuume:
ada ya kuhifadhi kumbukumbu.

Miaka thelathini na mmoja niko nyuma ya kaunta hii,
mahakama ya Kaunti ya Brannock, Texas, mlango wa pili kushoto.
Namjibu lile lile nililomjibu alipoandikisha rehani,
alipoandikisha chapa ya ng'ombe wake,
alipomzika mamaye akaja kutaka nakala tatu za cheti:
"Ni za karatasi, Bwana Ansley."
"Karatasi hazili."
"Zinaliwa," nasema.

Chini yetu kuna ngazi kumi na mbili
na taa moja inayofikiri kabla ya kuwaka.
Mwaka ule mto ulipoingia bila hodi
ulisoma rafu mbili za kwanza, ukaondoka na wino.
Tulianika kurasa ukumbi wa wazima moto, juu ya meza za bingo,
feni tulizoazima banda la kuku zikivuma hadi alfajiri,
na hati za watu zikanuka manyoya.

Kitabu cha Saba kilikataa kukauka.
Kiligandamana, kikawa tofali.
Ottilie Krenek, karani mkuu wa siku hizo,
alikifunga taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa,
akakipeleka kwenye friza ya bucha la Hruska.
Barafu, alisema, haitibu, lakini inamsimamisha kuvu mlangoni.
Kikakaa humo miaka kumi na mmoja
kati ya mbavu za nguruwe na soseji za Krismasi.

Mali bila daftari huisha bila habari, sawa.
Na daftari bila mali?

Basi dola kumi, na kumi, na kumi:
ya bwana harusi aliyekosea tarehe,
ya mjane, ya benki, ya yule muuza magari
aliyelipa kwa sarafu ili kutukomoa.
Makamishna walizitamani kwa kokoto za barabara ya kinu.
Ottilie alisimama kikaoni na viatu vyake vya bustani:
"Fedha ya karatasi ni ya karatasi."
Akaketi. Hakuongeza neno. Barabara ile ina mashimo hadi leo.

Kitabu kilirudi kutoka karakana ya Dallas ndani ya masanduku manne,
kila ukurasa umebanduliwa taratibu
kama soksi kwenye mguu wenye kidonda.
Kurasa thelathini na moja hazikupona.
Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili ulipona.

Sikujua una kazi gani
mpaka Bi Zenobia Tarver alipoingia, safari ya siku mbili kutoka Oakland,
akataja jina la babu wa mama yake, Prince,
ambaye kwao waliambiwa hakuwahi kuwa na hati.
Ekari arobaini. Kuanzia mti wa pekani,
kaskazini hadi jiwe jeupe mpakani kwa A. Ansley.
Saini: msalaba ulioinama, na wino ulipovuja, doa la mto.
Aliuwekea kiganja hewani, hakuugusa.
Kisha akalipia nakala.

Delbert alikuwa wa pili kwenye foleni.
Jiwe lile analijua. Ng'ombe wake hujikuna hapo.
Alisoma juu ya bega la yule mama, midomo ikicheza,
akafika kwenye jina la babu yake, midomo ikatulia.

Sheria ina milango yake, mimi si bawabu.
Kazi yangu ni rafu.

Zamu yake ikafika. Akaitoa karatasi yake, nikaigonga muhuri.
"Zinakwenda kwenye kitabu kile?"
"Hapana. Cha Nane. Kina kuvu."
Akaweka noti ya ishirini,
akasimama pale pale
akingoja chenji yake.